Kuwashirikisha Watafiti katika Kuunda Chombo cha Kuchunguzia Mimu za Mtandaoni: Mfano wa Nanganga na Uwanda wa Juu wa Makonde

1.0 Utangulizi

Neno mimu lilianza kutumiwa na mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976, kwa maana ya kipande cha utamaduni kinachoenea kwa kuigwa na mtu baada ya mtu. Tangu intaneti ienee, maana hiyo imefinywa: leo mimu ni picha yenye maneno machache, aghalabu ya mzaha, ambayo watu huipokea, huigeuza na kuipeleka mbele. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawana haja ya neno hili. Wao husema kichekesho au kibonzo, na picha ikiwa inasuta badala ya kuchekesha, huita kijembe. Makala haya yanatumia mimu kama jina la jumla tu, na hayana nia ya kuyafuta majina ya wenyeji, ambayo kwa kweli yana uainishaji makini zaidi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba chombo cha kuchunguzia mimu, yaani programu ya kompyuta pamoja na jedwali la data linaloiongoza, kinapaswa kuundwa na watafiti wa lugha na fasihi tangu hatua ya kuamua safu za jedwali. Kuwaita watafiti wakijaribu chombo kilichokwisha kuundwa si kuwashirikisha. Mfano unaotumika ni Nanganga, njia panda ya kwenda Ruangwa iliyo katika barabara ya Lindi na Masasi, pamoja na wilaya za Masasi na Newala, ambako Kiswahili hukutana kila siku na Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera.

2.0 Chombo Huamua Data

Eneo hili lina historia ya vyombo vilivyoundwa mbali. Mwaka 1906 mwanaethnografia Mjerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya filamu. Silinda ya nta ya fonografu ilihifadhi sauti ya dakika chache tu. Kwa hiyo ngoma ya usiku kucha iliingia katika kumbukumbu ikiwa kipande, na kipande hicho ndicho kilichosikilizwa Ulaya kana kwamba ni ngoma yenyewe. Weule aligawa pia penseli na karatasi ili wapagazi na wenyeji wachore, na baadhi ya michoro hiyo ilichapwa katika kitabu chake cha mwaka 1908 pamoja na jina la aliyechora. Karatasi, chombo duni kuliko fonografu, ilitunza jambo ambalo silinda haikuweza kulitunza: nani alitaka kuonyesha nini.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na msomaji wa jarida hili. Kati ya mwaka 1988 na 1992 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Chuo Kikuu cha Helsinki zilishirikiana kukusanya data ya lahaja na masimulizi ya Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo Arvi Hurskainen aliunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1992. Nguvu ya programu hiyo ilitokana na kujengwa juu ya ujuzi wa isimu ya Kiswahili wenyewe: ngeli, viambishi na minyambuliko. Hata hivyo, chombo cha matini sanifu hakiwezi kutazamiwa kusoma *cjui*, *xaxa* na *2po*, sembuse sentensi iliyoanza kwa Kiswahili ikamalizikia katika Kimakonde. Programu isiyoelekezwa itayaita yote hayo makosa, na huenda ikayasahihisha.

3.0 Mimu kama Tukio

Katika taaluma ya mimu, kazi ya Limor Shifman (2014) inapendekeza vipengele vitatu vya kuchunguza: maudhui, umbo na msimamo. Ni mwanzo mzuri. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili ana kipimo kipana zaidi mkononi. Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Safu za jedwali la kawaida la vyombo vya kigeni ni picha, maandishi, tarehe, na idadi ya waliopenda au kusambaza. Katika mambo sita ya Mulokozi, jedwali hilo linashika fani na wakati. Manne yaliyobaki yanadondoka.

Na ichukuliwe mimu ya kubuni: picha ya mwanamume aliyeshika bakuli dogo, na chini yake maneno "Mapenzi ya kangomba". Katika wilaya za korosho, kangomba ni ununuzi wa korosho za mkulima kwa kipimo cha mkono na bei ya chini, nje ya utaratibu rasmi, mara nyingi wakati mkulima hana kitu na msimu haujafika. Utaratibu rasmi tangu mwaka 2007 ni wa stakabadhi ghalani. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisomba, wakulima walihakikiwa ili wanunuzi wa kangomba wasilipwe, na neno hilo likasikika nchi nzima. Msomaji wa Newala haelezwi kitu: huyu bwana hutoa kidogo mapema, kisha huchukua mavuno yote.

Msichana akimtumia mchumba wake picha hiyo, ni lawama. Ikitumwa katika kundi la WhatsApp la kijiji siku ya kikao cha chama cha ushirika, inaweza kuwa tuhuma dhidi ya mtu ambaye kila mmoja anamjua. Je, hiyo ni mimu moja au ni mbili? Programu inayolinganisha picha itajibu kuwa ni moja iliyotumwa mara mbili. Mtafiti wa kanga hatakubali, kwa kuwa anajua kwamba jina la kanga husomwa kwa kumtazama aliyeinunua, aliyepewa na siku iliyovaliwa. Jibu la swali hili linaathiri kila hesabu itakayofanywa baadaye, na halimo katika uwezo wa mtaalamu wa kompyuta peke yake.

Upungufu mwingine wa vyombo vilivyopo ni kwamba huona hadharani tu. Novemba 2015, baada ya Rais John Magufuli kuapishwa, mizaha juu ya kubana matumizi ilienea Twitter chini ya maneno ya Kiingereza yaliyotanguliwa na alama ya reli. Ilihesabika kwa urahisi. Mzaha unaopita ndani ya makundi ya WhatsApp hauna alama hiyo, wala hauonekani kwa asiyealikwa. Isitoshe, CrowdTangle, chombo cha kampuni ya Meta ambacho watafiti wengi walikitegemea, kilifungwa Agosti 2024 kwa uamuzi wa mwenye mali.

4.0 Nani Ashirikishwe, na Lini

Utafiti shirikishi si jambo geni Tanzania. Mradi wa Jipemoyo uliwahusisha wanavijiji wa Bagamoyo katika utafiti wa utamaduni wao katika miaka ya 1970, na katika miaka ya 1990 mpango wa RIPS ulitumia mbinu shirikishi katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Kwa hiyo, neno mtafiti lisiishie kwa mhadhiri. Msaidizi wa utafiti aliyezaliwa Nanganga, anayejua nani anaweza kumtania nani, ni mtafiti katika maana inayohusika hapa.

Suala la utani linadhihirisha hoja hii. Vyombo vingi vya kuchuja lugha ya chuki hutafuta matusi yaliyoambatana na majina ya makabila. Katika jamii yenye utani, tusi la mtani ni haki yake, na kunyamaza kwake ndiko kunakotia shaka. Hata mashabiki wa Simba na Yanga huitana watani wa jadi. Lakini utani nao hutumiwa kama kichaka cha kufichia chuki halisi, na hapo orodha ya maneno haisaidii. Unahitajika uhusiano wa watu wawili hao. Vivyo hivyo, safu moja iitwayo "familia" haifai miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, wanaofuata ukoo wa upande wa mama. Mzaha kwa mjomba hauna uzito sawa na mzaha kwa baba.

Ikumbukwe kwamba watafiti nao wana kasoro zao. Wengi huja na uainishaji wa tanzu waliousoma na kuulazimisha kwa data. Ndiyo maana safu ya jina analolitumia mtumaji mwenyewe (kichekesho, kijembe, utani, onyo) inapaswa kujazwa kabla ya safu ya utanzu, na isirekebishwe baadaye.

5.0 Fanani Asiyetajwa

Hapa nadharia inagongana na usalama. Mambo sita yanamtaka fanani na hadhira yake. Lakini chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 wako Watanzania waliofikishwa mahakamani kwa maneno waliyoyaandika mitandaoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana yeyote anayekusanya taarifa za watu. Jedwali lenye namba ya simu ya mtumaji linaweza kugeuka ushahidi dhidi ya mtu aliyemwamini mtafiti.

Kuondoa majina na namba hakutoshi. Katika mji mkubwa, "mjomba wa mtumaji, kiongozi wa ushirika" ni maelezo ya maelfu ya watu. Nanganga ni jina la mtu mmoja. Njia inayopendekezwa ni kuandika uhusiano kwa makundi mapana (mtani, mjomba, rika, mwenye mamlaka), kutaja mahali kwa wilaya badala ya kijiji, na kuacha maelezo kamili katika daftari la msaidizi wa utafiti, ambalo huchomwa baada ya uchanganuzi kwa makubaliano na waliotoa data. Gharama yake ni dhahiri: mtafiti wa miaka 20 ijayo akitaka kujua kama picha ya bakuli ilikuwa lawama au tuhuma, atalikuta jibu katika jedwali, lakini hatakuwa na namna ya kulihakiki.