Rafiki wa Seminari Awe Rafiki wa Nyumba



Somo letu ni kwa nyumba ambazo baba alipitia seminari. Nyumba hizo si chache, kwani wengi walioanza seminari ndogo hawakufika kwenye upadre, walioa.

Kwanza, kutoka seminari si kushindwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya malezi ya mapadre, uliagiza masomo ya seminari ndogo yapangwe ili kijana akichagua maisha mengine aweze kuyaendeleza kwingine bila taabu. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1534, yaziweka Daraja na Ndoa pamoja: zote mbili ni kwa ajili ya wokovu wa wengine. Basi padre na mwenzake aliyeoa wamo katika utumishi, kila mmoja mahali pake.

Pili, urafiki wao una faida. Walilala bweni moja, wakaamshwa na kengele moja. Mmoja akifiwa, wenzake hufika. Mtoto akikosa karo, huchangiana. Padre anayeishi peke yake hupata nyumba ya kula ugali na kucheka, bila kuitwa Fatha kila neno. Naye baba akianza kupotoka, mwenzake wa zamani aweza kumkemea naye akasikia.

Lakini baba, angalia mambo matatu.

1. Siri. Ukipoteza kazi au ukiwa na deni, mkeo asiwe wa mwisho kujua. Rafiki ni wa kukushauri, si wa kuchukua nafasi ya mke.

2. Pesa. Kabla ya kuahidi mchango, patana na mama. Harambee ya rafiki isiwaache watoto wako bila unga.

3. Mikutano. Mkikutana wanaume peke yenu kila mara, mama atabaki kukisia. Mwalike mwenzako nyumbani. Mkutano wa mwaka uwe na Misa, na wake na watoto wawepo.

Nawe mama, usiuonee wivu urafiki huu, uingie. Wajue wenzake kwa majina. Ikiwa mmoja wao ni padre nawe waona haya kuungama kwake, usisumbuke: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 991, yakupa uhuru wa kuungama kwa padre umtakaye mwenye ruhusa ya kuungamisha. Baba asikulazimishe. Wala baba asimwulize padre umesema nini, kwa maana siri ya kitubio haifunguliwi kwa ye yote.

Jambo hili ni zito kuliko tunavyodhani. Siku Mungu atakapomwita baba, wenzake watakuja kuzika. Kama hawakuwahi kuketi mezani kwenu, watatoa rambirambi na kurudi kwao. Kama wamewajua mama na watoto, watarudi tena baada ya matanga, wakati wa karo na wakati wa mzozo wa shamba. Urafiki hujengwa mapema, kaburini umechelewa.

Maswali ya kujadiliana usiku wa leo:
– Mama, wawajua wangapi waliosoma na baba?
– Baba, ni jambo gani wamwambia rafiki, wala hujamwambia mkeo?
– Ni mwenzetu yupi mgonjwa, mjane au padre mpweke tutakayemtembelea mwezi huu?