SOMO: KARATASI YA SABUNI YAGEUKA PICHA

Hebu tazama ukuta wa nyumba yako hapa Kapalamsenga. Huenda umebandika kurasa za gazeti ili papendeze. Je, karatasi hizo zaweza kufanya kazi nyingine? Ndiyo, zaweza.

Kenya alikuwapo mama mmoja, Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928. Alisoma sanaa Makerere, Uganda, tangu 1950 hadi 1952. Ndiye mwanamke wa kwanza kusoma sanaa pale. Baadaye alifundisha shule miaka mingi.

Miaka ya 1980 alitaka kurudia sanaa. Lakini rangi za kuchorea ni ghali, na fedha hakuwa nazo. Basi, aliacha? Hakuacha. Alichukua karatasi za sabuni, mifuko ya unga na kurasa za magazeti ya rangi. Akazikata vipande vidogo vidogo. Akavibandika kimoja kimoja mpaka vikawa picha za kina mama, za wanyama na za maisha ya kijijini. Picha ya namna hii huitwa kolaji. Wakati huo umri wake ulikwisha pita miaka 50.

Mwaka 1990 picha zake zilionyeshwa New York, Marekani. Mama huyu alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 92.

JINSI YA KUFANYA

1. Soma ukurasa kwanza. Ukishakatwa hausomeki tena. Muulize na mwenzako kama amekwisha kuusoma.

2. Tenga vipande kwa rangi. Usijali kilikuwa picha ya nini. Shati la buluu gazetini laweza kuwa maji ya ziwa kwako.

3. Chora umbo kwa penseli juu ya kipande cha boksi.

4. Pika gundi. Koroga unga wa muhogo na maji motoni mpaka iwe nzito. Iache ipoe.

5. Bandika kwanza vya nyuma, kama mbingu na milima. Halafu bandika watu na mifugo.

6. Ikianza kukauka, igandamize kwa kitu kizito isijikunje.

Ndugu msomaji, kukosa fedha ni shida ya kweli. Mama Karuga aliijua. Lakini hakungoja iishe ndipo aanze kazi.

MASWALI

1. Kwa nini Mama Karuga hakutumia rangi za kuchorea?
2. Kwa nini tusome ukurasa kabla ya kuukata?
3. Nyumbani kwako mnatupa karatasi gani? Taja tatu.