Kipwa kinakaribia: jikoni kwako kuna nini?

 Wadogo zangu wa Lulimba, na ninyi wa Misisi, wa Fizi na wa Baraka, mvua zinaelekea ukingoni. Ikifika katikati ya Mei mawingu yatapungua, na Juni, Julai na Agosti tutakaa na kipwa: vumbi barabarani, upepo, nyasi za milimani zikikauka, hadi mvua za Septemba zirudi. Huu ndio wakati wa kuangalia ghalani na kujua kilichomo.

Barua iliyonifanya nichague habari hii ni ya mdogo wangu mmoja aliyezaliwa Baraka akaolewa Lulimba. Analalamika kwamba kwao alizoea samaki waliotoka ziwani asubuhi ileile, na sasa ni sombe na bugali, bugali na sombe. Wageni wa mume wakifika hukimbilia dukani kununua mchele na nyanya za kopo, kwa sababu anaona aibu kuwatengea chakula cha shambani. Hela inaisha, mume ananuna. Afanyeje?

Mdogo wangu, hiyo aibu iache leo. Sombe iliyopikwa vizuri ni chakula cha heshima, na mgeni mwenye akili anaijua kwa harufu tu kabla hajaketi. Ila ipikwe kweli. Chuma majani machanga ya muhogo, yale laini ya juu, asubuhi. Usiuvue mti mmoja mpaka ubaki fimbo, maana muhogo unaonyang'anywa majani yote hauna cha kunenepesha mizizi yake. Tenga mistari michache karibu na nyumba iwe ya mboga, na shamba la mizizi uliache likue. Twanga mpaka majani yalainike kabisa, halafu yachemshe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Watoto wa siku hizi wanadhani kutwanga ni mazoea ya bibi zetu. Sivyo. Majani ya muhogo, kama mizizi yake, hutoa sumu ya sianidi; kinu kinaivunja kutoka ndani ya jani na mvuke unaipeleka nje. Yakiisha kuiva ndipo utie kitunguu, bilolo kama zipo, karanga za kusaga, na mawese mwishoni. Mawese mekundu usiyaunguze mpaka yageuke meupe, kwa kuwa ule wekundu ndio wenye kumpa mtoto vitamini A ya macho yake. Ndakala kidogo juu, pilipili pembeni kwa anayeitaka. Sahani hiyo ina mboga, mafuta, karanga na samaki, na karibu vyote vimetoka kwenye udongo na maji ya Fizi. Mchele na nyanya za kopo vitakupa nini zaidi ya hapo?

Bugali wa muhogo nao una sheria zake, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nawapenda. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya konzo huko Kwango, magharibi ya nchi yetu. Ni ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla, na miguu hairudi ilivyokuwa. Unawapata hasa watoto na akina mama, katika familia zilizokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, wiki baada ya wiki, bila maharage, samaki wala nyama. Baadaye umeonekana hata hapa Kivu Kusini, katika miaka hii ya vita. Njaa ikibana, au mnunuzi akiwa amesimama mlangoni na gunia lake, mtu anashawishika kuutoa muhogo majini siku ya pili tu. Usikubali. Uache siku tatu au nne, mpaka ulainike na nyuzi zake zitoke zenyewe, kisha uanike mpaka ukatike kwa sauti.

Na kuanika ndiko kunakofanya kipwa kiwe kipindi cha kazi kwa mwanamke wa Lulimba, wala si cha kupumzika. Jua la Julai linakausha muhogo kwa siku chache, ukabaki mweupe usio na ukungu. Ukingoja Novemba utaanika huku unakimbizana na mvua, mwisho uupandishe kwenye uchaga juu ya moto, na unga wake utanuka moshi na kuwa na rangi ya udongo. Kwa hiyo loweka mwanzoni mwa kipwa wakati vijito bado vina maji, kausha juani, weka makopa makavu mahali pakavu palipoinuka kutoka chini, usage kidogo kidogo. Makopa hukaa kuliko unga.

Naomba tuuangalie mwaka wetu wa chakula, kwa sababu wengi tunaula bila kuujua. Mvua za kwanza zikipiga udongo wa moto, jioni kumbikumbi wanatoka. Weka taa na beseni la maji, watoto watafanya kazi iliyobaki kwa kelele na furaha. Wakaange bila mafuta, yao yanawatosha, wapepete mabawa, tia chumvi. Karibu na vichuguu hivyohivyo uyoga utaota. Huo, mdogo wangu, usichume peke yako kama hukufundishwa. Ongozana na mama mkwe au bibi anayeujua kwa macho yake, na msiyaamini maneno kwamba uyoga mbaya huwa mchungu au hubadilisha rangi ya fedha kwenye sufuria. Kuna unaoua ukiwa na ladha nzuri kabisa. Na hapa nakuongezea jambo kwa faida yako wewe uliyeolewa ugenini: hakuna njia nzuri ya kumkaribia mama mkwe kama kumwomba akupeleke porini kuchuma uyoga. Utarudi na kapu na utarudi na mama.

Kuanzia Novemba maembe yanaanza kuiva, na hadi Januari yanaanguka na kuoza chini ya miti ilhali mwezi wa Juni watoto hawana tunda. Hilo linaniuma kila mwaka. Embe lililoiva bila kulegea likatwe vipande vyembamba, vitandazwe juu ya mkeka safi au bati lililofunikwa kitambaa, vifunikwe chandarua dhidi ya inzi, viingizwe ndani jioni na kila wingu likitokea. Miezi hiyo jua halina uhakika, kwa hiyo kausha kidogo kidogo siku zenye jua. Vipande vilivyokauka vikinyumbulika kama ngozi, bila maji ndani, vitie kwenye chupa yenye kifuniko. Desemba na Januari ni mahindi mabichi, maharage mapya, majani ya maharage, majani ya maboga. Februari mnapanda tena, Juni mnavuna. Hayo mnayajua kuliko mimi.

Sasa turudi kwa samaki, maana binti wa Baraka hawezi kuishi bila ziwa. Ziwa liko mbali na Lulimba, na njia inayotoka Baraka ikapita Fizi ni ya milima na matope. Mvua zikikolea malori yanakwama na bei ya samaki inapanda. Mnunuzi mwenye akili anaangalia vitu viwili. Cha kwanza ni mwezi. Ndakala wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika, soko linapungukiwa. Nunua siku zinazofuata usiku wa giza. Cha pili ni kalenda ya ziwa lenyewe. Nchi nne zinalishiriki Tanganyika, na samaki wamepungua mpaka zikaanza kukubaliana kulipumzisha: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Wapo wanaolaumu. Mimi nasema ziwa lipumzike, na sisi tuweke akiba kabla. Ndakala wazuri wanang'aa fedha, wakavu hadi kichwani, hawana mchanga wala rangi ya kutu. Waning'inize kwenye kapu juu ya jiko ambapo moshi hupita, na mara mojamoja uwatoe juani. Wenye mtoto aliyefikisha miezi sita, twangeni ndakala safi wawe unga laini, mtie kijiko kwenye uji wake. Hiyo inamjenga mtoto kuliko biskuti ya dukani.

Bustani ya kipwa nayo iwe karibu na mguu wako. Sisemi shamba. Nasema matuta machache, bondeni penye unyevu au nyuma ya nyumba, mahali unapoweza kufika na ndoo asubuhi kabla jua halijapanda. Lengalenga ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ndani ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma, na ukikata juu inachipua tena. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili, isije ikakomaa yote siku moja. Matembele hayakusumbui kabisa: kipande cha shina lake ardhini, maji, na unakula majani huku viazi vinakua chini. Bilolo, vitunguu vya majani, pilipili kichaa, basi. Funika udongo kwa majani makavu, hapo maji ya ndoo moja yatafanya kazi ya ndoo mbili. Samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza itoshe. Ile mbichi inaunguza mizizi. Wadudu wadogo wakijazana chini ya majani, nyunyiza majivu ya jikoni asubuhi kukiwa na umande. Maji uliyooshea mboga au mchele ni mali, yamwage kwenye tuta.

Na wanaume, nanyi nawaomba jambo moja: msiwashe moto milimani. Kila kipwa milima inawashwa, wengine kwa ajili ya majani mapya ya mifugo, wengine kwa kuwinda panya, wengine kwa mchezo tu. Moto unaotoroka unakula mashamba ya muhogo, michikichi na maembe ya jirani, na udongo unabaki uchi kuisubiri mvua iuchukue.

Nimwambie pia mdogo wangu mwenye shamba kubwa. Migodi ya dhahabu ya Misisi iko jirani, na wachimbaji wanakula. Wanunuzi wanakuja Lulimba na hela mkononi wakati wa mavuno, wanachukua mahindi, maharage na muhogo, na mama anafurahi. Miezi mitatu baadaye yule mama anakwenda soko lilelile kununua maharage kwa bei iliyopanda, pengine maharage ya shamba lake mwenyewe. Kuuza si vibaya, ada ya shule haitoki angani. Lakini kabla mnunuzi hajaingia uani, mbegu za msimu ujao ziwe zimefichwa, na chakula cha kufika Januari kiwe kimepimwa na kutengwa. Hilo mlizungumze na mume usiku mkiwa wawili, si mbele ya mnunuzi. Kilichotengwa hakiuzwi hata kwa bei nzuri.

Najua wapo wanaonisoma wakiwa hawana shamba la kuzungumzia. Jina la Lulimba likitajwa redioni mara nyingi ni kwa habari ya bunduki, na wengi wenu mmelala kwa wenyeji mara nyingi kuliko mlivyolala kwenu. Kwenu sina maneno makubwa. Nakumbusha tu tuliyoyaona. Mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa hadi Kigoma, wakafikia kambi ya Nyarugusu, na tangu 2005 meli zikaanza kuwarudisha Baraka. Waliokuta mashamba yamegeuka pori walianza na mboga zinazoiva upesi, kwa sababu muhogo unataka mwaka mzima au zaidi. Ukiwa kwa mwenyeji, gunia kuukuu lililojaa udongo na samadi, lenye matundu ubavuni, linatosha kukupa lengalenga ya watoto. Mwombe mwenyeji kwanza, na mavuno ya kwanza umpelekee yeye.

Na siku utakaporudi, usipande kila kijiti cha muhogo unachopewa. Tazama majani ya mti unaokatiwa. Yakiwa yamejikunja, yamechakaa, yana mabaka ya njano, huo una ugonjwa wa batobato. Utapanda ekari nzima na kuvuna vidole. Kata kwenye mti wenye majani mapana, ya kijani, yaliyonyooka. Ndiyo maana ninawaomba nyote wenye mashamba safi Lulimba na vijiji vyake: mkivuna mwaka huu, msivichome vijiti vyenu wala msiviache vikauke. Vifungeni, viwekeni kivulini, na Septemba mpeni jirani anayeanza upya.