Washa Kwanza, PIN Baadaye: Kununua na Kupanga TV na Deki Yako

Mwaka jana nilimnunulia baba TV ya inchi 43 na deki ya DVD yenye spika zake, zote mtumba, hapa Kitengela. Muuzaji aliwasha TV dakika mbili hivi, nikaona skrini ya bluu, nikasema sawa. Nikalipa, nikabeba mzigo kwa matatu hadi Kajiado mjini. Jioni baba akaweka diski, na mstari mweusi ukatokea katikati ya skrini.

Niliporudi dukani nikaambiwa, "Hiyo imegongwa kwa matatu, madam. Hapa ilitoka ikiwa poa." Risiti sikuwa nayo, na pesa nilituma kwa namba ya mtu binafsi.

Wateja wengi hudhani pesa zinaweza kurudishwa tu. Kurudisha muamala ni kwa makosa, kama kutuma kwa namba isiyo sahihi. Ukimlipa mtu uliyetaka kumlipa, kiasi mlichokubaliana, mfumo hauoni kosa lolote. Kwa hivyo kinga yako iko kabla ya PIN.

Ukiwa dukani

1. Soma stika ya nyuma. Stima yetu ni volti 240, hertz 50. Ikiandikwa 100–240, uko sawa. Ikiandikwa 120 pekee, kama vyombo vingi vya Marekani, usiichomeke moja kwa moja kwa soketi. Itaungua.
2. Beba flashi yenye picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Acha kila moja ijaze skrini kwa dakika moja. Mistari, madoa na vidoti vilivyokufa vitajitokeza.
3. Beba diski yako mwenyewe. DVD hugawanywa kwa maeneo: Kenya iko eneo la 5, Uingereza la 2. Deki ya ex-UK inaweza kukataa diski yako ingawa ni nzima. Cheza filamu hadi katikati, na usikilize kila spika.
4. Uliza kama TV ina DVB-T2. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, na bila hiyo utahitaji king'amuzi hata kwa chaneli za bure.

Wakati wa kulipa

Lipa kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama si la duka, simama uulize. Itisha risiti yenye modeli, namba ya mashine na siku ulizopewa za kurudisha. Usifute SMS ya malipo.

Ukifika nyumbani

Anza na TV guard. Stima ikipotea kisha irudi, mara nyingine hurudi na nguvu nyingi, na kifaa hicho husubiri itulie kwanza.

Unganisha deki kwa waya wa HDMI kama ina tundu lake. Picha hutoka safi kuliko ile waya ya njano.

Sasa picha. Madukani TV huwekwa "Vivid" ili ing'ae chini ya taa kali. Nyumbani chagua "Movie" au "Cinema", kisha urekebishe jioni, saa ambazo huwa mnatazama:

- "Brightness" hushughulikia weusi. Tafuta tukio la usiku, pandisha hadi uone mikunjo ya koti jeusi, lakini weusi ubaki mweusi.
- "Contrast" hushughulikia weupe. Tafuta shati jeupe, punguza hadi uone vifungo vyake.
- "Sharpness" iwe chini. Ukiona kamstari keupe kuzunguka vichwa vya watu, umezidisha.
- Rangi iwe ya mwisho. Nyuso zikifanana na za watu unaowajua, acha hapo.

Watu wakionekana wanene ghafla, picha imevutwa. Badilisha umbo la skrini.

Spika ya katikati ikae chini ya TV. Mbili za mbele ziwe umbali sawa kutoka kwa kiti chako, na mbili za nyuma zikae pembeni, nyuma yako kidogo. Kwenye menyu ya deki tafuta jaribio la sauti, usawazishe spika moja baada ya nyingine. Wufa isizidi maneno ya filamu.

Ile TV ya kwanza, fundi alisema kubadilisha skrini kungekaribia bei ya TV nyingine. Ya pili niliipima dakika arobaini, muuzaji akiangalia saa. Baba anaitazama hadi leo.

Muuzaji akikuharakisha, rudisha simu mfukoni. Duka la pili haliko mbali.