Tonga: Ufalme uliolinda ardhi, ukapoteza hazina

Katika Pasifiki ya Kusini kuna ufalme mdogo ambao katiba yake inakataza kuuza hata shubiri moja ya ardhi. Ufalme huo huo, mwaka 2001, ulibaini kuwa akiba yake ya Dola za Marekani zipatazo milioni 26 imetoweka. Mambo hayo mawili, pamoja na historia ya zao moja la biashara, yanaifanya Tonga kuwa somo zuri kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo.

NCHI NA WATU

Tonga ina visiwa 170 hivi, lakini vinavyokaliwa na watu havifiki 50. Nchi kavu yote ni kilometa za mraba zipatazo 750, yaani ndogo kuliko kisiwa cha Pemba. Bahari ambayo Tonga ina haki ya kuvua na kuchimba ni kubwa mno, karibu kilometa za mraba 700,000. Jirani zake ni Fiji upande wa magharibi na Samoa upande wa kaskazini. New Zealand iko umbali wa kilometa 2,000 hivi kusini-magharibi.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 100,000 hivi. Katika kila watu kumi, saba wanaishi katika kisiwa kikuu cha Tongatapu, uliko mji mkuu wa Nuku'alofa. Kisiwa hicho ni tambarare ya matumbawe iliyofunikwa na udongo wenye majivu ya volkano, hivyo viazi vikuu, majimbi na mihogo hustawi bila shida. Volkano zenyewe ziko katika safu ya magharibi. Mlipuko wa Hunga Tonga-Hunga Ha'apai wa Januari 15, 2022, na mawimbi ya tsunami yaliyofuata, ulileta hasara ambayo Benki ya Dunia ilikadiria kuwa Dola milioni 90, sawa na asilimia 18.5 ya pato la taifa.

ARDHI ISIYOUZWA

Mfalme George Tupou I aliunganisha visiwa hivyo, akafuta utumwa wa wakulima mwaka 1862 na kutoa katiba mwaka 1875. Tonga ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuanzia 1900 hadi Juni 4, 1970, lakini haikupoteza mfalme wake wala ardhi yake.

Kwa mujibu wa sheria, ardhi yote ni ya Mfalme. Sehemu yake wamegawiwa makabaila wenye vyeo vya kurithi. Kila mwanamume Mtonga aliyefikisha miaka 16 ana haki ya kuomba shamba la ekari 8.25 na kiwanja cha kujenga. Shamba hilo hurithiwa, huweza kukodishwa na kuwekwa rehani kwa masharti, lakini haliuzwi. Mgeni anaweza kupanga tu, na muda mrefu kabisa ni miaka 99.

Faida ya mpango huo ni kwamba si rahisi familia kupoteza shamba kwa sababu ya deni la duka. Hasara yake ni kwamba mkulima hawezi kupata mtaji mkubwa benki, kwa kuwa benki haiwezi kupiga mnada shamba lake. Aidha, watu wameongezeka na mashamba hayatoshi. Vijana wengi wana haki ya ekari nane kwenye karatasi tu, na wanawake hawana haki sawa ya kugawiwa.

BOGA LA WAJAPANI

Biashara ya nje ya Tonga imekuwa ikitegemea zao moja baada ya jingine. Ilianza na mbata, zikaja ndizi za kupeleka New Zealand, na zote mbili zikaporomoka. Mwaka 1987 likaingia boga dogo la kijani linalopendwa Japani.

Mahesabu yalikuwa mazuri. Miezi ya Oktoba hadi Desemba mavuno ya Japani yenyewe huwa yamekwisha na ya nchi nyingine hayajafika kwa wingi, na Wajapani wana desturi ya kula boga wakati wa katikati ya majira ya baridi. Tonga ikaingia katika pengo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 boga likawa zao la kwanza kwa kuingiza fedha za kigeni, na mkulima mwenye ekari chache akapata fedha ambazo baba yake hakuzijua.

Lakini mnunuzi alikuwa mmoja, msimu mmoja na bandari ziko mbali. Wauzaji wengine, hasa Mexico na New Zealand, walipofika sokoni kwa wingi, mkulima wa Tonga alibaki na gharama za mbolea na nauli ya meli. Katika miaka ya 2000 biashara hiyo ilishuka sana. Waliosalimika ni wale ambao hawakung'oa viazi vyao.

FEDHA ZA JAMAA

Kinachoiendesha Tonga leo si shamba wala samaki. Ni fedha zinazotumwa na jamaa walioko New Zealand, Australia na Marekani. Katika miaka ya karibuni fedha hizo zimezidi theluthi moja ya pato la taifa, na Tonga imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kipimo hicho. Tangu New Zealand ilipoanzisha mpango wa vibarua wa msimu mwaka 2007, maelfu ya wanaume huenda kuchuma matunda na kurudi.

Fedha hizo hulipia ada za shule, mabati, mazishi na sadaka za kanisa. Huinua mauzo ya maduka, lakini karibu bidhaa zote za madukani hutoka nje, kwa hiyo fedha huingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine. Mlipuko wa 2022 ulipokata mkonga wa mawasiliano chini ya bahari, kupokea fedha kulikwama, na nchi iliona jinsi riziki yake inavyoning'inia kwenye waya mmoja.

HAZINA ILIVYOPOTEA

Katika miaka ya 1980 serikali iliuza pasipoti kwa wageni, wengi wao wakiwa Wachina. Mapato yaliwekwa katika Bank of America, mjini San Francisco, chini ya Mfuko wa Amana wa Tonga. Mfanyakazi wa benki hiyo, Jesse Bogdonoff, aliona fedha nyingi zimelala bila kuzaa, akashauri ziwekezwe. Zilizaa. Mfalme Taufa'ahau Tupou IV alifurahi hata mwaka 1999 akamteua rasmi kuwa mchekeshaji wa mfalme.

Baadaye sehemu kubwa ya fedha iliingizwa katika ununuzi wa bima za maisha. Biashara hiyo huenda hivi: mwenye bima, mzee au mgonjwa, hulipwa fedha taslimu leo. Mnunuzi husubiri, na mwenye bima akifariki huchukua malipo yote. Akiishi kuliko ilivyokadiriwa, mnunuzi hukaa bila fedha. Kampuni ya Nevada iliyopokea fedha hizo ilishindwa kulipa. Mawaziri wawili walijiuzulu mwaka 2001. Serikali ilifungua kesi Marekani, ikaishia kwa mapatano yaliyorudisha sehemu ndogo tu.

Swali ni nani alikuwa akikagua. Wakati huo mawaziri waliteuliwa na Mfalme, na bungeni wawakilishi wa wananchi walikuwa tisa tu. Waliouliza kuhusu mfuko huo hawakuwa na nguvu ya kulazimisha jibu.

Manung'uniko ya kutaka mageuzi yalilipuka Novemba 16, 2006, sehemu kubwa ya maduka ya Nuku'alofa ilipochomwa moto. Ujenzi mpya ulifanywa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, ambao kwa miaka mingi umekuwa zaidi ya nusu ya deni la nje. Mwaka 2010 katiba ilibadilishwa: wananchi sasa huchagua wabunge 17, makabaila 9, na bunge humchagua Waziri Mkuu. Mfalme amebaki na uwezo wa kukataa sheria.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, bei nzuri ya msimu huu huwaita washindani wa msimu ujao. Anayeuza kwa mnunuzi mmoja aweke akiba wakati bei ikiwa juu.

Pili, fedha ya jamaa ni mapato ya anayeitoa. Duka linaloitegemea lijue kazi ya huko inakotoka inaendaje.

Tatu, faida ya miaka mitatu si ushahidi wa usalama. Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji aulize faida inatoka wapi, nani anashika fedha, na nani asiye na maslahi anakagua vitabu. Watonga waliandika sheria ya kulinda mashamba yao. Vitabu vya mfuko havikuwa na mkaguzi wa namna hiyo, na mali bila daftari hupotea bila habari.