Umetua Salama, Sasa Unageukia Wapi?

Rubani aliyezoea kiwanja cha changarawe chenye kibanda kimoja cha mlinzi huona kazi imekwisha magurudumu yakigusa chini. Siku akitua Julius Nyerere, Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza, kazi ndiyo inaanza. Nyuma yake kuna ndege kubwa inakuja kutua, pembeni kuna njia zinazofanana kama mapacha, na mwongoza ndege anammiminia maelekezo redioni kwa Kiingereza cha haraka. Hapo ndipo watu hupotea, na wengi hupotezwa na aibu tu: hawataki kuonekana washamba.

Angani huwezi kusimama ukafikiri. Ardhini unaweza, mradi usisimame juu ya njia ya kurukia. Itumie nafasi hiyo bila haya.

Maandalizi yafanye kabla hujaondoka. Kila nchi ina kitabu rasmi cha taarifa za anga, na ndani yake mna ramani za viwanja vikubwa. Chapisha ile ya uwanja uendako, kisha pita kwa kidole kutoka utakakotua hadi utakakoegesha. Wilson ya Nairobi, kwa mfano, ina njia mbili za kurukia, 07/25 na 14/32, na upepo ndio huamua itumike ipi. Kwa hiyo chora safari zote, usichore moja ukaomba Mungu. Ramani ikiwa na duara lililoandikwa HS, hapo ni mahali korofi ambapo wenzako wamewahi kuchanganyikiwa. Paweke alama nyekundu. Soma pia notamu za siku hiyo, yaani matangazo ya mabadiliko kwa marubani, maana njia uliyoikariri inaweza kuwa imefungwa kwa matengenezo.

Ukishatua, toka kwenye njia ya kurukia hadi mkia wote uvuke mistari ya njano ya kusimamia, ndipo usimame. Orodha ya ukaguzi, mikunjo ya mabawa na taa, vyote vingoje hapo. Ukiambiwa upite A, kisha C, usimame kabla ya njia ya 14, andika kwa penseli kwenye karatasi ya gotini: A, C, simama 14. Halafu rudia maneno yote redioni pamoja na namba ya ndege yako. Maelekezo yanayohusu kuingia, kuvuka au kusimama kabla ya njia ya kurukia hayajibiwi kwa “roger” tupu. Lazima yarudiwe, ili mwongozaji asikie kama umeelewa alichokusudia. Na kama u mgeni, sema u mgeni. Mwambie huufahamu uwanja, umwombe akuelekeze kona kwa kona. Viwanja vingine vitakuletea gari lenye maandishi FOLLOW ME, nawe utalifuata taratibu. Mwongozaji yeyote ataona heri akuelekeze dakika mbili kuliko kukutafuta.

Mabango yana lugha yake. Bango jeusi lenye herufi ya njano linakuambia uko wapi. Bango la njano lenye herufi nyeusi na mshale linakuambia njia ile inaelekea wapi. Jekundu lenye maandishi meupe ni la amri: mbele yake usipite bila ruhusa. Usiku, taa za buluu ziko kingoni mwa njia za kupitia, na za kijani, zikiwapo, ziko katikati. Ukijikuta katikati ya taa nyeupe, huenda uko kwenye njia ya kurukia. Toka mara moja, kisha uuambie mnara wa kuongozea ndege.

Lakini alama ninayotaka uikariri kuliko zote imepakwa sakafuni. Ni mistari minne ya njano iliyokata njia kwa upana: miwili mfululizo, miwili ya vipande vipande. Upande wa mistari mfululizo ni wako, nao ni ukuta. Upande wa vipande ni wa njia ya kurukia. Ukitoka kutua utakutana na vipande kwanza, na hapo unavuka bila kusita. Ukienda kuruka utakutana na mfululizo, na hapo unasimama pua ikiwa nyuma ya mstari, hata kama huoni ndege yoyote.

Tarehe 8 Oktoba 2001, kwenye uwanja wa Linate, Milano, ukungu ulikuwa umetanda. Ndege ndogo ya kibiashara aina ya Cessna Citation ilielekezwa ipite njia ya R5, ikaingia R6. Marubani waliripoti kwamba wanakaribia S4, alama iliyokuwepo sakafuni lakini haikuwa kwenye ramani za mwongozaji. Yeye hakujua ni wapi, nao hawakujua kwamba hajui. Wakaingia kwenye njia ya kurukia wakati ndege ya abiria ya shirika la SAS ikishika kasi kuruka. Walikufa watu 118. Lawama ziligawanywa kwa wengi, na uwanja ulikuwa na mapungufu makubwa, ila mimi kila nikikumbuka kisa hiki huiona ile sekunde ambayo neno moja redioni halikueleweka na hakuna aliyesema: tusimame kwanza.

Mikono nayo ina kazi. Mara tu ndege inaposogea, jaribu breki. Mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka, nao uupunguze kwa kurudisha mkaba nyuma, si kwa kuongeza mafuta huku umekanyaga breki. Upepo ukija mbele kushoto, zungusha usukani kushoto. Ukija nyuma kushoto, zungusha kulia na kuusukuma mbele. Kwenye changarawe usijaribu injini kwa nguvu, pangaboi litavuta mawe. Usipite karibu na mkia wa ndege kubwa ambayo taa yake nyekundu inamweka, kwa kuwa injini zake zinafanya kazi au ziko mbioni kuwashwa. Na Wilson, kwenye mwinuko wa futi 5,500 hivi, punguza kiasi cha mafuta kwenye mchanganyiko ukiwa chini, la sivyo plagi zitashika masizi. Kabla ya kuruka uurekebishe kama kitabu cha ndege kinavyoagiza.

Mazungumzo yasiyohusu safari yakome wakati magurudumu yanazunguka. Mjomba wako wa kiti cha kulia atakusimulia habari za harusi mkishaegesha. Mpe kazi: akutazamie bawa la kulia.

Ukishapewa ruhusa ya kuingia na kujipanga kwenye njia ya kurukia, soma namba iliyoandikwa sakafuni, kisha tazama dira. Namba ya njia ukiizidisha kwa kumi inakaribia nyuzi za dira: kwenye 05 ya Dar es Salaam, utaona nyuzi 50 hivi. Lexington, Marekani, tarehe 27 Agosti 2006, ndege ya abiria ilipaswa kuruka kutoka njia ya 22, ikaanza mbio kwenye 26, ambayo ilikuwa fupi mno. Kati ya watu 50 alipona mmoja. Dira isipokubaliana na namba uliyopewa, usiongeze nguvu. Bonyeza kitufe cha redio, uuambie mnara ulipo.