Kucha na Mdomo wa Kasuku: Kabla ya Kulipia Huduma ya Kukata

Kasuku ana vidole viwili vinavyotazama mbele na viwili vinavyotazama nyuma, na mdomo wake humtumikia kama mkono wa tatu: hupandia, hupasulia mbegu, hujisafishia manyoya. Kucha na mdomo huo hukua maisha yake yote. Porini hulika kwa magome ya miti na maganda magumu. Tunduni, penye kijiti kimoja laini na bakuli la alizeti, hulika kidogo mno, na hapo mfugaji huanza kutafuta mtu wa kuvikata.

Somo hili tumewaandalia walaji, hususan wakazi wa Mikese na vijiji vingine vilivyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, ambao mtaalamu wa ndege huenda asiwe jirani yao. Tunaeleza huduma ipi wanaweza kuifanya wenyewe, ipi wailipie, na ipi wasikubali kuuziwa. Kupunguza kucha ni usafi. Kupunguza mdomo ni tiba, na anayeuza huduma hizo mbili kama kitu kimoja hastahili kukabidhiwa ndege.

Tuanze na kucha. Msimamishe kasuku juu ya meza tambarare. Ikiwa ncha za kucha zinainua vidole visikanyage sawasawa, au ndege hunasa kwenye kitambaa kila atuapo, kucha zimezidi. Kama sivyo, ziachwe. Ndani ya kila ukucha mna mshipa wa damu. Kwenye ukucha mweupe huonekana kama mstari wa rangi ya waridi. Kwenye ukucha mweusi, kama wa kasuku wa kijivu, hauonekani. Ndiyo maana tunashauri kuparaza ncha kwa tupa ndogo ya kucha, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, badala ya kukata mara moja. Kazi hiyo ifanywe na watu wawili: mmoja amviringishe ndege katika taulo jepesi na kumshika kichwa kwa upole, mwingine aparaze. Kifua kisibanwe hata kidogo. Ndege hana kiwambo kama chetu. Hupumua kwa kupanua kifua, na akibanwa anaweza kufa mikononi mwa watu wanaodhani ametulia.

Ukucha ukitoka damu, usidharau. Damu ya ndege ni takriban mililita 10 kwa kila gramu 100 za uzito wake. Kasuku wa kijivu mwenye gramu 400 ana mililita 40 hivi. Kasuku mdogo wa aina ya Fischer, ambaye asili yake ni kaskazini mwa nchi yetu, ana uzito wa gramu 50 hivi, na damu yake yote ingeenea katika kijiko kimoja cha chai. Gandamiza unga wa ngano au wanga wa mahindi kwenye ncha ya ukucha kwa dakika chache bila kuachia. Usiunguze kwa chuma cha moto. Damu isipokatika, huo ni udharura wa kumpeleka hospitali.

Njia bora ya kupunguza haja hiyo haina gharama. Weka tunduni matawi ya mpera yenye unene tofauti, yaliyooshwa na ambayo hayajapuliziwa dawa ya wadudu, na uyabadilishe yanapotafunwa. Tawi la mparachichi lisitumike, wala ndege asipewe parachichi lenyewe, hata katika msimu ambao matunda hayo hushuka kwa wingi kutoka milima ya Uluguru: lina sumu inayoweza kumuua. Vijiti vilivyovalishwa msasa, vinavyouzwa kwa ahadi ya kunoa kucha, hatuvipendekezi, huchubua nyayo.

Sasa mdomo. Ndani yake mna mfupa, damu na mishipa ya fahamu, hivyo koleo au kisu huweza kuupasua na kumwacha ndege ashindwe kula. Magamba membamba yanayobanduka juu yake ni ya kawaida na hayahitaji kung'arishwa. Lakini mdomo uliorefuka ghafla, uliopinda upande, wenye madoa meusi mapya au ukoko wenye vitundu, mara nyingi ni dalili ya jambo jingine: utitiri wa ngozi, jeraha la zamani, lishe duni, au ini lililoharibika. Ukikatwa bila uchunguzi, dalili imefichwa na ugonjwa umebaki. Mlaji amelipa fedha ili asijue.

Kuhusu ini, tunataka kusisitiza jambo moja. Nyumba nyingi humpa ndege karanga na mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa hayafai tena kwa watu. Ukungu huo huweza kuzalisha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ambayo hushambulia ini la ndege vilevile. Nafaka isiyofaa mezani haifai tunduni. Alizeti peke yake nayo haitoshi, kwa kuwa ina upungufu wa vitamini A. Ongeza matembele, mchicha, karoti, boga au papai.

Mdomo ukileta shaka, lipia uchunguzi kwanza. Madaktari wa wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, na mlaji ana haki ya kuuliza usajili, kujua bei kabla ya huduma na kupewa risiti. Afisa mifugo wa kata anaweza kutoa rufaa. Kwa wakazi wa Mikese, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro iko umbali wa safari fupi ya basi. Aliyenunua kasuku aliyekamatwa porini aelewe kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inadai kibali. Masuala hayo yaulizwe TAWA, yenye makao makuu Morogoro, kabla ya kununua.

Safiri asubuhi kabla ya joto. Funika tundu kwa kanga ukiacha nafasi ya hewa, na ulipakate. Lisiwekwe kwenye buti. Beba kiasi kidogo cha chakula anachokula kila siku, pamoja na karatasi iliyotandikwa tunduni usiku uliopita ikiwa na kinyesi chake. Daktari ataanzia hapo, kabla hajaugusa mdomo.